Dawa za Kagondo na njia ya mkoloni: Nani anadaiwa?

Hakuna mtu mzima katika nchi yetu ambaye hajawahi kuambiwa, yeye au jamaa yake, maneno haya: “Dawa hakuna, kanunue nje.” Mgonjwa amepimwa, ugonjwa umejulikana, jina la dawa limeandikwa katika karatasi, lakini dawa yenyewe haipo. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mwanza, “nje” maana yake ni kuvuka barabara na kuingia famasi ya jirani. Kwa mtu wa kijijini, “nje” ni nauli ya kwenda mjini, na akifika huko anaweza kukuta bei ya dawa imezidi bei ya kahawa aliyovuna.

Kawaida yetu tunaposikia maneno hayo ni kumtafuta wa kumlaumu aliye karibu. Muuguzi kaiba, mganga kauza, serikali haijali. Mara nyingine lawama hizo ni za kweli na wahusika wanastahili kubanwa. Lakini kuna swali ambalo hatujiulizi, nalo ndilo ninalotaka tulijadili leo. Kwa nini kidonge anachohitaji mgonjwa wa Kagondo lazima kivuke bahari ndipo kimfikie? Na kisipofika, ni nani hasa anayedaiwa?

Nimechagua Kagondo kwa makusudi. Mkoani Kagera jina hilo liko mahali pawili: kuna kata ya Kagondo ndani ya manispaa ya Bukoba, na kuna Kagondo ya wilayani Muleba, yenye hospitali. Zote mbili ziko upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara kutoka bandari ya Dar es Salaam. Huwezi kupata mahali pazuri zaidi pa kuipima njia ya dawa, kwani mnyororo hupimwa mwisho wake.

Njia ilichongwa kwa ajili ya nini?

Hebu tukifuate kidonge hicho. Kuna uwezekano mkubwa kwamba kimetengenezwa India. Kinapakiwa katika kontena, kinavuka Bahari ya Hindi, kinashushwa Dar es Salaam, kinalala katika maghala, kinapanda lori hadi kanda ya Ziwa, kisha kinagawanywa wilayani na hatimaye kinafika zahanati. Ukiichora safari hiyo katika ramani, utaona kitu cha ajabu: umechora upya njia ya misafara na reli ya miaka zaidi ya 100 iliyopita.

Kabla ya mkoloni, misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kupanda kaskazini hadi Karagwe, ambako wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro. Ahmed bin Ibrahim alifika Buganda kwa njia hiyo mwaka 1844. Nguo na shanga ziliingia, pembe za ndovu zikatoka. Na tuseme kweli hata kama inatuuma: katika njia hiyo walitoka pia watu waliofanywa watumwa, na miongoni mwa waliofaidika walikuwamo Waislamu.

Wajerumani walijenga kituo chao Bukoba mwaka 1890. Mwaka huo huo, huko Ulaya, wao na Waingereza walitia saini mkataba uliogawa nchi zetu, na mpaka wa magharibi mwa ziwa ukawekwa katika mstari wa digrii moja kusini mwa ikweta. Aliyeuchora mstari ule hakuuliza nani ameoa wapi, wala mgonjwa wa Kiziba amezoea kupata tiba upande gani. Mwaka 1901 Reli ya Uganda ikafika Kisumu kutoka Mombasa, na meli za Waingereza zikaanza kubeba mizigo ya ziwani. Ngozi na kahawa za Bukoba zikawa zinavuka ziwa hadi Kisumu na kutokea Mombasa. Baadaye reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928.

Sasa jiulize, ndugu msomaji, reli na meli zile zilijengwa kwa ajili ya kuleta nini? Jibu ni kwamba hazikujengwa kuleta, zilijengwa kutoa. Mizani ya kila kituo iliwekwa kupima kinachokwenda pwani. Kilichorudi ndani ya nchi kilikuwa ni kile tu kilichosaidia mzigo unaofuata utoke: jembe, nguo za kuuzia, vifaa vya ofisi, na dawa kiasi cha kuwafanya watu wafanye kazi na kulipa kodi. Chini ya Mwingereza, mahitaji ya serikali za makoloni yalinunuliwa kupitia shirika la Crown Agents la London, na dawa zikiwemo. Mganga wa Bukoba aliyeishiwa dawa alisubiri oda iende London na meli irudi.

Sisemi kwamba hakuna aliyepona. Wapo wengi waliopona, na mganga mwema ni mwema popote alipo. Ninachosema ni kwamba njia ina tabia yake. Njia iliyojengwa kutoa mali humtii yule anayelipa kule mwisho, si yule anayengoja huku mwanzo.

Maarifa nayo yalitoka

Tunadhani kilichosafirishwa ni kahawa na pembe peke yake. La hasha! Hata maarifa ya tiba yalitoka kwetu. Robert Koch, mwanasayansi mkubwa wa Ujerumani, alikuwa Afrika Mashariki mwaka 1897 na 1898, na alithibitisha kwamba maradhi yaliyokuwa yakiua watu Kiziba, kaskazini ya Bukoba, yalikuwa tauni. Akarudi mwaka 1906 kutafiti ugonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda, na kambi ya wagonjwa ikafunguliwa pia Kigarama, Kiziba. Dawa aliyoijaribu Sese iliitwa atoksili, yenye asili ya sumu ya aseniki. Dozi zilipoongezwa, wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka. Elimu iliyopatikana kwa macho yao ikaenda Ulaya na kuandikwa vitabuni.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 1967 tumbili walisafirishwa kutoka Uganda kwenda Ulaya, kwa sababu figo zao zilitumika katika kutengeneza chanjo ya polio. Wafanyakazi wa maabara za Marburg na Frankfurt huko Ujerumani, na Belgrade huko Yugoslavia, wakaugua homa ya kutoka damu. Waliougua walikuwa 31 na 7 wakafa. Kirusi kikapewa jina la mji wa Marburg.

Miaka 56 baadaye, Machi 2023, ugonjwa huo huo wa Marburg ulitangazwa Bukoba Vijijini na ukaua watu 6. Januari 2025 ukatangazwa tena mkoani Kagera, mara hii Biharamulo, na watu 10 wakafariki. Katika milipuko yote miwili hakukuwa na chanjo wala dawa iliyothibitishwa ya ugonjwa huo popote duniani. Wahudumu wa afya walipambana kwa maji, matone ya mishipani, kutenga wagonjwa na ujasiri wao. Kutoka 1967 mpaka 2025 ni umri wa mtu mzima mwenye wajukuu. Dunia iliyojua kuwachukua tumbili wa Ziwa Victoria ili kuwakinga watoto na polio haikuona haraka ya kuwakinga watu wa ziwa hilo hilo na ugonjwa uliogunduliwa kwa sababu ya safari ile. Haikuwa njama. Ni hesabu ya soko tu: mgonjwa wa Maruku au Biharamulo hana fedha za kuifanya kampuni ikeshe maabara. Lakini je, hesabu isiyo na njama ndiyo haina dhambi?

Bahari ilipofungwa

Hapa wengi watasema: “Sawa, lakini tungefanyaje? Sisi hatuna uwezo wa kutengeneza dawa.” Historia ya nchi hii hii inawajibu.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari za Kiingereza ziliifunga pwani yetu yote. Meli za Wajerumani zikawa haziwezi kuleta mizigo kama kawaida, na kwinini, dawa ya malaria ya zama zile, ikaanza kuwaishia. Wakafanya nini? Juu katika milima ya Usambara kulikuwa na taasisi yao ya utafiti ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902, ambayo miongoni mwa mimea yake ilikuwa na miti ya kwinini. Wakachuna magome, wakayachemsha na kuyasaga, wakapata kwinini yao wenyewe. Ilikuwa chungu kuliko ya madukani, lakini ilitibu. Ni kweli kwamba walengwa wa kwanza walikuwa wanajeshi, si wananchi, na wapagazi wetu walikufa kwa wingi katika vita ile. Lakini jambo moja lilithibitika: udongo wa nchi hii unaweza kuotesha dawa, na mikono ya nchi hii inaweza kuitengeneza.

Kisha bahari ikafunguka, meli zikarudi, na somo likasahauliwa. Biashara ya kwinini ikaendelea kushikwa na Waholanzi kupitia mashamba yao ya kisiwa cha Java, yaliyotoa sehemu kubwa mno ya kwinini ya dunia nzima. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Java, dunia ikashtuka kwamba dawa yake ya malaria ilitegemea kisiwa kimoja. Ndipo watu wakakumbuka tena miti ya Afrika, ikiwemo ya Tanganyika na ya Kivu.

Tukio hili limejirudia katika zama zetu kwa sura nyingine. Dawa mseto ya malaria tunayoitumia leo asili yake ni mmea wa Kichina, ambao kiini chake kilipatikana mwaka 1972 na mwanasayansi Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Katika miaka ya 2000 wakulima wa Arusha waliupanda mmea huo. Majani yalikaushwa, yakakamuliwa Athi River nchini Kenya, na kiini kikapelekwa ng’ambo kutengenezwa vidonge. Vidonge vikarudi. Je, hiyo si ile ile hadithi ya kahawa ya Bukoba inayotoka ikiwa mbichi? Tofauti ni kwamba bila kahawa mtu hafi.

Mbona bahari hiyo hiyo ilituokoa?

Msomaji mwadilifu atanipinga hapa, na ana haki. Atasema: “Unailaumu biashara ya bahari, lakini si ndiyo iliyowaokoa watu wa Kagera?” Ni kweli, na jambo hili halifai kufichwa.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Mwaka 1987 utafiti ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba kiasi cha asilimia 24 ya watu wazima walikuwa na virusi, yaani karibu mtu mmoja katika kila wanne. Kwa miaka mingi dawa za kupunguza makali zilikuwepo duniani lakini hazikuwa zetu, kwani tiba ya mgonjwa mmoja kwa mwaka iligharimu zaidi ya dola 10,000. Kagera ilizika, ikalea yatima, ikazika tena. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya Bombay, iliyoanzishwa na Khwaja Abdul Hamied mwaka 1935, ikatangaza kwamba inaweza kutoa dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka, chini ya dola moja kwa siku. Iliweza hivyo kwa sababu sheria ya hakimiliki ya India ya mwaka 1970 ilikataa mtu kumiliki dawa yenyewe, ikaruhusu kumiliki namna ya kuitengeneza tu. Kuanzia mwaka 2004 Tanzania ikaanza kutoa ARV bure, na dawa nyingi za India zikapita katika bahari ile ile iliyopitisha nguo za Gujarati.

Hata kabla ya hapo, Mji Mkongwe wa Zanzibar una jengo linaloitazama bandari ambalo kila mgeni hulipiga picha. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa madhehebu ya Ismailia aliyepata mali yake katika biashara ya bahari, aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 liwe hospitali ya hisani. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika. Baadaye likawa mikononi mwa Khoja Ithnaasheri, chini kukiwa na zahanati ya hisani na juu nyumba za kuishi, na likatoa huduma mpaka wakati wa Mapinduzi ya 1964. Mali ile haikuwa safi yote, kwani uchumi wa Zanzibar ya zama zile ulisimama juu ya karafuu, pembe na jasho la watumwa. Lakini mtu mmoja aliona kwamba mali iliyoingia kwa bahari ina deni kwa wagonjwa wa pwani hiyo.

Kwa hiyo sisemi kwamba bahari ni adui. Bahari ni njia, na njia haina dhambi. Bidhaa njema ikipatikana Bombay kwa bei ya haki, tuinunue, na tumshukuru aliyeitengeneza. Tatizo ni kuwa na mlango mmoja tu. Mwenye nyumba ya mlango mmoja si mwenye nyumba, ni mfungwa wa mwenye ufunguo.

Na ufunguo huo tumeuona ukizungushwa. Machi 2020, viwanda vya China vilipofungwa kwa sababu ya korona, India ilizuia kupeleka nje malighafi na dawa 26, hata parasetamoli ikiwemo, kwa kuwa yenyewe inategemea malighafi ya China. Machi 2021, chanjo za korona kutoka Pune zilikuwa ndiyo kwanza zimefika Kenya na Uganda, India ikasimamisha kuzipeleka nje kwa sababu watu wake walikuwa wanakufa. Waliopata dozi ya kwanza wakangoja ya pili kwa miezi. Januari 20, 2025, siku ile ile Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza Marburg ya Biharamulo, huko Washington serikali mpya ilisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na wagonjwa wa UKIMWI katika nchi nyingi wakaanza kuuliza kama watapata dawa mwezi unaofuata.

Je, India ilidhulumu? Mimi sioni hivyo. Mwenye kisima akiwanywesha wanawe kwanza wakati wa ukame, jirani hana la kumshitaki. Lakini jirani huyo ana la kujibu mbele ya watoto wake mwenyewe, kama miaka yote ya mvua hakuchimba chake.

Basi nani anadaiwa?

Majibu yanayotolewa kwa kawaida ni mawili, na watu huyagombania kana kwamba moja likiwa kweli jingine ni uongo.

Jibu la kwanza linasema, wanaodaiwa ni waliotutawala. Walichukua mali, wakachukua maarifa, wakachora mipaka, wakatuachia reli zinazotazama baharini. Nakubaliana na jibu hili. Deni halifi kwa sababu mdaiwa amezeeka au amebadilisha jina. Nchi tajiri zinapotoa dawa au kulegeza hakimiliki, zisijihesabu zinatoa sadaka, na sisi tusizipokee kwa unyonge wa ombaomba.

Jibu la pili linasema, tumejitawala tangu 1961, tuache kulia. Nalo lina ukweli. Reli iliyotazama baharini hatukukatazwa kujenga nyingine. Wala si mkoloni anayechelewesha malipo ya Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, wala anayetoa katoni za dawa mlango wa nyuma wa zahanati na kuziuza.

Kosa liko pale jibu moja linapotumika kulifuta jingine. Anayedai anaposema “kwa kuwa nadai, mimi sina wajibu,” amegeuza deni kuwa mto wa kulalia. Na anayesema “tumeshajitawala, tusiulize ya nyuma,” amemsamehe mwizi kwa mali ambayo si yake, kwani mali ile ni ya mgonjwa. Haki hudaiwa, na amana hutekelezwa. Mtu anaweza kuwa mdai na mdaiwa kwa wakati mmoja.

Wanazuoni wetu walikuwa na neno linaloziba pengo hilo: fardhi kifaya. Ni wajibu ambao wakiutekeleza wa kutosha, wengine wamesalimika. Usipotekelezwa, lawama ni ya jamii nzima. Imam Ghazali katika Ihya Ulumiddin aliihesabu tiba humo, na akawashangaa watu wa miji wanaojazana katika elimu ya mabishano ya sheria huku mji hauna tabibu wao. Ukubwa wa fikra hii ni kwamba haiulizi kwanza nani alisababisha upungufu. Inauliza, upungufu upo au haupo? Kama upo, basi mimi na wewe tumo katika hesabu mpaka uzibwe. Kwa zama zetu tabibu hatoshi. Tabibu asiye na dawa ni mtu mwema anayekuangalia ukifa. Kwa mantiki hiyo kiwanda cha dawa, ghala la akiba na lori linalofika Muleba kwa wakati ni sehemu ya fardhi ile ile.

Tazama ramani upya

Tukiutazama wajibu kwa jicho hilo, hata ramani inabadilika. Tangu mwaka 2007 kuna kiwanda Luzira, Kampala, cha Quality Chemical Industries, kilichoanza kwa ubia na ile ile Cipla ya India, kinachotengeneza ARV na dawa mseto ya malaria. Luzira iko ufukweni mwa Ziwa Victoria, ziwa lile lile linaloonekana Bukoba. Kutoka Bukoba mpaka Kampala kwa barabara ya Mutukula ni kama kilomita 300. Kwa jiografia aliyoiumba Mwenyezi Mungu, Kagondo ni jirani wa kiwanda cha dawa. Kwa jiografia ya mkataba wa 1890, Kagondo iko mwisho wa njia inayoanzia bandarini.

Nchi za Afrika Mashariki zilianza mwaka 2012 mpango wa kulinganisha taratibu za usajili wa dawa, ili iliyopasishwa upande mmoja isichukue miaka kupasishwa upande wa pili. Aidha, mwaka 2018 Bohari yetu ya Dawa ilikabidhiwa kazi ya kuratibu ununuzi wa pamoja wa nchi za SADC, na baadaye imejenga kiwanda cha glavu huko Idofi, mkoani Njombe. Haya ni mambo ya kuyaunga mkono, na pia ya kuyahoji. Wabunge wa Kagera waulizwe kila mwaka: dawa ngapi zilizovuka Mutukula ziliingia zahanati za mkoa huo kwa njia halali, na kama hazikuvuka, ni kanuni gani iliyozuia? Serikali iulizwe akiba ya dawa muhimu inatosha miezi mingapi bahari ikifungwa kesho. Swali hilo ni la usalama wa taifa kama lilivyo la silaha.

Na sisi wa mijini tusijitoe. Tunajenga na kupamba, na hilo ni jema. Lakini wakfu wa duka la dawa, ambao faida yake inawanunulia wasio na uwezo dawa za kisukari na shinikizo la damu, ni watu wangapi wanaoufikiria? Mfanyabiashara wetu mwenye famasi anayeificha dawa akingoja ipande bei, ajue kwamba kuhodhi chakula kumelaaniwa kwa sababu ya dhiki ya mnunuzi, na dhiki ya mgonjwa ni kubwa zaidi. Mzazi mwenye kijana anayependa kemia, asimwambie kwamba elimu hiyo haina kazi. Wale wa Amani mwaka 1914 hawakuwa na miujiza. Walikuwa na miti, na walikuwa na watu waliosoma namna ya kuikamua.

Hatuwezi kuzirudisha pembe zilizotoka Kafuro, wala macho ya waliopofuka Sese. Madai hayo tutaendelea kuyadai. Lakini mgonjwa wa leo hangojei hukumu ya historia, anangoja dozi ya saa mbili usiku. Njia tuliyoikuta ilichongwa na waliotaka vitu vitoke. Kama miaka zaidi ya 60 ya kujitawala itapita na sisi hatujachonga ya kuingiza uzima, basi tutakapoulizwa tusitaje jina la Mjerumani wala la Mwingereza peke yao. Tutaje na la kwetu.